Kuishi bila dini Kigoma na bado ukabaki mtoto wa watu

Kuna mdogo wangu mmoja wa Gungu alinitumia meseji saa tano usiku, kaandika tu "dada we unaishije?" na mi nikajua moja kwa moja anauliza naishije bila dini, maana hilo swali nilikua nalo miaka mingi na sikua na wa kumuuliza. Nikamjibu vipande vipande mpaka saa nane, asubuhi nikaona bora niandike yote sehemu moja, atakayehitaji asome.

Mi mzaliwa wa Ujiji, nyumba ya swala tano, msahafu nimehitimu nina miaka kumi na mbili na shughuli nikafanyiwa. Nimeolewa na mtu wa Kasulu, kwao Wakatoliki tangu kwa babu, mama mkwe wangu ni mwenyekiti wa jumuiya. Nauza dagaa na migebuka pale mwaloni Kibirizi. Siswali, sisali, huu mwaka wa tisa toka niseme kwa mdomo wangu, na bado naitwa kwenye kila shughuli ya ukoo, pande zote mbili.

Kitu kimoja nakisema hapa juu kabisa sababu hatua zote huko chini zinatokana nacho: huku kwetu mtu anapimwa kwa kuonekana. Hamna anayefungua kifua chako aone imani iko kiasi gani. Wanaangalia ulikuwepo msibani au hukuwepo, kuni ulileta au hukuleta, mgonjwa ulimfata hospitali ya Maweni ukakaa nae au ulipiga tu simu. Watu kadhaa ninaowajua walioacha dini wakaishia kutengwa, nikiwaangalia naona walivyoacha kuswali waliacha na kuja, na hilo la pili ndo liliwauma watu.

Hatua ya kwanza: kaa kimya kwanza, hata mwaka

Jiulize vizuri kama huamini au umekasirika tu. Sio kitu kimoja. Kuna mtu alichapwa sana madrasa, kuna mwingine kachoshwa na michango kanisani kila Jumapili bahasha tatu, kuna aliyefiwa na mtoto akaona maombi hayakusikilizwa. Hasira zinapoa, na ukishatangaza kitu kwa hasira alafu zikapoa unabaki umeumiza wazazi bure. Mi nilijipa muda mpaka nikaona hata siku ambazo nina furaha kabisa, biashara imeenda vizuri, watoto wazima, bado moyo hauko huko, hapo ndo nikajua.

Alafu piga hesabu ya maisha yako. Nani analipa ada yako, unalala kwa nani, mtaji wa nani? Mtaji wangu wa kwanza alinipa mjomba, mtu wa msikitini sana, na nilikaa miaka mitatu kimya mpaka nikamrudishia yote. Kuna watu wataita huo unafiki. Mi nasema kama unategemea chakula cha mtu, kumlazimisha achague kati yako na imani yake wakati we huna pa kwenda ni kujiumiza na kumuumiza nae. Kama we bado mwanafunzi uko kwa wazazi, subiri, hamna kinachoharibika. Ila kwenye huo ukimya usiongeze uongo mpya, usijitolee kusomesha watoto dini, usigombee uongozi wa kikundi cha dini, usiwe mtu wa kuwakemea wengine kwamba hawaswali. Ukifanya hayo, siku ukisema kweli watakuuliza zote zile zilikua nini na hutakua na jibu.

Hatua ya pili: tafuta maneno, na mtu wa kuanza nae

Neno "sina dini" kwa Kiswahili chetu ni zito kuliko unavyofikiri. Mzee akilisikia anaweza kusikia "sina adabu", mwingine anasikia Frimasoni, mwingine anasikia mchawi. "Mpagani" nalo ni neno la kwenye fomu, ukilitamka nyumbani linasikika kama tusi umejitukana. Kwaio usianze na jina, sema unachofanya: "Siku hizi mi siswali, nilijaribu muda mrefu, moyo wangu hauko huko." Basi. Usianze na "Mungu hayupo", hapo unakua umehama kwenye habari zako umeingia kwenye habari zao, na lazima wajibu.

Anza na ndugu wa rika lako asiye na mdomo. Mi nilianza na dada yangu anayenifata. Baba usimwendee mwenyewe, kwetu mambo mazito kwa baba yanapita kwa shangazi, na shangazi yangu alinisaidia sana japo alinikasirikia wiki nzima kwanza.

Mama nilimwambia mwenyewe. Tulikua tunachagua mchele uani, nikamwambia, akaendelea kuchagua kama hajasikia, alafu akauliza "nilikukosea wapi?" Nikamwambia hujanikosea mama, na kuja nitakuja vilevile. Akalia. Nakwambia hili kwa sababu utalikuta: mzazi analilia vitu viwili. Cha kwanza, watu watasemaje. Hicho unaweza kumsaidia, kwa mwenendo wako, wakikuona unamhudumia mama yako vizuri midomo inapungua yenyewe. Cha pili ni kwamba anaamini kabisa mtatengana kesho akhera, na hamtaonana tena. Hicho huwezi kumwondolea, na tafadhali usijaribu kumwondolea kwa hoja, maana kwake sio hoja, ni mtoto wake anaungua. Mama yangu mpaka leo akimaliza swala ya alfajiri ananiombea kwa jina, nasikia nikilala kwake. Nilikua naumia zamani, sa hivi nalala vizuri nikiisikia.

Hatua ya tatu: salamu na maneno ya kila siku

Hapa watu wanajisumbua bure. Mtu akikupa "asalam aleikum" itikia. Mama mkwe akisema "tumsifu Yesu Kristo" itikia "milele amina". Kuitikia salamu ni kumheshimu aliyekusalimia, haijawahi kuwa shahada wala ubatizo. Mi mwenyewe nikianza naanza na shikamoo au habari za toka jana, hizo hazina msikiti wala kanisa na kila mtu anazipokea.

Kiswahili chenyewe kimejaa Mungu, huwezi kumtoa kote, ukisema "panapo majaaliwa" ni humo humo. Mi nasema "uzima ukiwepo". Kwenye msiba sisemi Mungu amlaze mahali pema peponi, maana hapo naona nitakua nasema kitu kikubwa ambacho sikiamini mbele ya mfiwa. Nasema poleni sana, alafu nataja kitu kimoja cha kweli alichonifanyia marehemu, kwa mfano bibi mmoja wa Rusimbi alinikopesha beseni siku yangu ya kwanza sokoni, nikalisema hilo. Wafiwa wanalikumbuka.

Hatua ya nne: Ramadhani

Kila mwaka inawahi kwa siku kumi au kumi na moja, kwaio kuna miaka itakukuta kwenye jua kali la Septemba na miaka itakukuta kwenye mvua, jipange. Ujiji mwezi ule mchana hata moshi wa jiko unaonekana. Usile barabarani, usitembee na chupa ya maji mkononi, hamna askari atakayekukamata ila kuna mzee anafunga na presha yake na we unakunywa soda mbele yake, sio utu. Mi nakula stoo nyuma ya magunia.

Ukiulizwa "umefunga?" sema "sijafunga", ishia hapo. Wanawake wenzangu, mnajua watu watadhani ni hedhi na hawatauliza zaidi, mi miaka ya mwanzo niliwaacha wadhani hivyo, ila haiwezi kukubeba mwezi mzima na mwishowe nilichoka. Usidanganye kwamba umefunga alafu ukaenda kwenye futari kama mfungaji. Ukiitwa futari kama jirani nenda, na peleka kitu. Mi kila mwaka nachukua siku mbili napika mimi: mihogo, magimbi, maharage ya mawese, uji wa pilipili manga, kaimati, naita majirani wote. Wanajua sifungi na wanakula. Mwaka wa kwanza walikuja wawili tu.

Hatua ya tano: msiba. Hapa ndo penyewe

Kama utasoma sehemu moja tu soma hii.

Ukisikia kilio, fika. Fika mapema, kabla hujafikiria utavaa nini na utafanya nini wakati wa dua. Mwanamke funga khanga na mtandio, hata kama nyumbani hujifuniki, pale umeenda kwenye nyumba ya watu waliofiwa na sio mahali pa kuonyesha msimamo. Kaa mkekani kidogo na wafiwa alafu nenda jikoni, jikoni hakuna anayekuuliza dini, kuna maji ya kuteka na sufuria za kuosha na mchele wa watu mia mbili. Wanaume, msiba wa Kiislamu mwili hauchelewi, mara nyingi siku hiyohiyo unazikwa, kwaio kazi ni nyingi na za haraka: kuchimba kaburi na mwanandani, kutafuta mbao, turubai, gari. Chukua kazi hizo. Swala ya jeneza ni fupi, takbira nne za kusimama tu, hamna rukuu wala sijda, usiingie kwenye safu kujifanya unaswali, simama pembeni na jembe lako, ukikaa pembeni na jembe watu wanaelewa, ukikaa pembeni na simu wanakasirika. Kubeba jeneza ingia, kutupia udongo ingia.

Msiba wa Kikatoliki una mambo yake. Rozari jioni nyumbani, kaa nao tu kimya. Kwenye misa wakisimama simama, wakikaa kaa, wakipiga magoti unaweza kukaa ukainamisha kichwa. Usiende kupokea komunyo hata kidogo, ile kwao ni ya aliyebatizwa na kujiandaa, na mtu akikuona anayejua hali yako utakua umemkosea kweli.

Na watani nao usiwasahau. Kama una watani kwenye ule msiba, utani wa makabila ni kazi halali kabisa ya kwako isiyo na dini ndani yake, kuwachangamsha wafiwa, kulala kwenye mkeka wa mfiwa mpaka aukomboe. Mtani anayejua kazi yake anapendwa msibani kuliko mtu mwingine yeyote.

Sasa upande wa pili wa hii habari, wewe utazikwa na nani? Liangalie mapema. Mkatoliki asiyeonekana jumuiya, kadi ya zaka haina kitu, ndugu zake wanaweza kuambiwa padri haji. Msikitini nako kuna minong'ono kwa mtu aliyeacha. Ukifa leo, wenye kuteseka ni mumeo au mkeo na mama yako, wanazunguka kuomba watu. Kwaio jiunge na kikundi cha kufa na kuzikana cha mtaani kwako, kile cha mchanganyiko wanachoandikisha kaya bila kuuliza dini. Lipa mchango kila msiba bila kukosa, usisubiri kukumbushwa, na mahudhurio yako yaandikwe. Sisi mtaani tuna daftari, jina langu liko mule toka nimehamia, na mwaka baba mkwe alipofariki Kasulu kikundi kilikodi Coaster kikaja, Waislamu kwa Wakristo, wamejaa. Mama mkwe toka siku ile hajawahi kuniuliza tena kuhusu ubatizo.

Hatua ya sita: sala za vikao na chakula

Vikoba wanafungua kwa sala, kikao cha shule sala mbili, ya Kiislamu na ya Kikristo. Simama, nyamaza, mikono mbele. Wimbo wa taifa wenyewe ni Mungu ibariki Afrika, na mi nauimba wote kwa sauti maana ni wimbo wa nchi yangu. Ukiombwa wewe uongoze sala usianze kujieleza mbele za watu, sema "namwomba mama yetu pale atuongoze", hamna anayekataa. Kwenye chakula subiri wamalize ndo unyooshe mkono.

Hatua ya saba: ndoa na watoto

Hili liongeleeni kabla, sio baada. Mwanaume asiye Muislamu akitaka kumuoa binti wa Kiislamu kwa ndoa ya msikitini ataambiwa asilimu, na huku wengi wanasema "si maneno tu, tamka yaishe". Mi sikubaliani na hilo hata kidogo. Shahada ni kitu ambacho mama yangu angekufa kwa ajili yake, kuitamka kwa ajili ya kupata mke ni kudharau watu waliokuamini. Na kwa Wakatoliki vilevile, usibatizwe ili upate picha za altareni.

Njia ipo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inatambua ndoa ya dini, ya mila na ya serikali, na zote kisheria zina uzito mmoja. Ya serikali ndo tunaita ya bomani, unaenda ofisi ya Mkuu wa Wilaya, mnatoa taarifa ya nia ya kuoana angalau siku 21 kabla, taarifa inatangazwa ili mwenye pingamizi ajitokeze, alafu mnafungishwa mbele ya mashahidi. Cheti ni halali kabisa. Ndoa ya bomani inachukuliwa ni ya mke mmoja isipokuwa mmesema vingine, kwaio soma fomu kabla ya kusaini. Cha kuzingatia ni hizo siku 21, ndugu wasije wakajua kwa kuliona tangazo. Sisi tulienda kwanza kwa wazazi pande zote, posa ikatolewa, mahari ikalipwa, wazee wakala, kila kitu cha mila kikafanyika, bomani ikawa ya mwisho. Mama hakuja bomani. Jioni kwenye chakula alikuja, akiwa amejitanda khanga mpya, na hilo lilinitosha.

Watoto: wetu ni mapacha, wakaitwa Bukuru na Butoyi kama mapacha wote wa huku, majina ya Kiha yakatuokoa na ugomvi wa Yohana au Yahya. Tulikubaliana hakuna akika wala ubatizo mpaka wakue wachague, ila bibi zao wote wawili wana ruhusa kuwafundisha dua na sala na hadithi za manabii. Wakiniuliza mama we mbona huswali nawaambia mi siamini, bibi anaamini, na bibi anawapenda. Kipindi cha dini shuleni ongea na mwalimu wa darasa mwenyewe kwa upole mwanzo wa mwaka, usimtume mtoto akajieleze, mtoto wa darasa la pili hawezi kusimama mbele ya wenzie kusema kwetu hatuna dini, ni kumtesa.

Hatua ya nane: uchawi na ramli

Hii wengi hawaifikirii. Mtu anaacha dini alafu wanasema kama humwogopi Mungu basi una cha kwako unachokitegemea. Na Kigoma tuna wale Kamchape wanaopita vijijini kufichua wachawi, wanachangisha pesa, wanachanja watu, wanaingia nyumba za watu kutoa vitu. Asiyechanga au asiyetaka kuchanjwa anaonekana ana cha kuficha. Wewe usiyeamini dini, huamini na haya, utakataa, na hapo unakua hatarini kweli, sio kunyimwa salamu, ni kuchomewa nyumba.

Usikatae peke yako kwa sauti kubwa mbele ya kundi. Wakisikika wanakuja, nenda mapema kwa mwenyekiti wa kijiji au mtaa, na polisi, na ongea na shekhe au padri au mchungaji wa pale. Ndio, hao hao. Kwenye hili ni wenzako, wengi wao wanawapinga Kamchape kuliko hata wewe. Sheria ya Uchawi ipo tangu 1928 na kumtaja mtu kwamba ni mchawi ni kosa, mwenyekiti akumbushwe hilo. Na kama kuna bibi mjane mtaani ameanza kusemwa, macho mekundu ya moshi wa kuni miaka sitini, mtembelee wazi wazi mchana watu wakuone, kaa nae barazani. Mimi naona kama kuna kazi moja ya mtu asiyeogopa uchawi huku kwetu basi ni hii.

Hatua ya tisa: mabishano na sheria

Mihadhara ya uwanjani ya kulumbana Biblia na Kurani usiende kushika maiki. Kwenye grupu la WhatsApp la ukoo usiweke posti za kudhihaki, hata wakiweka wao za kukusema. Utajisikia vizuri dakika tano alafu mama yako ndo atapigiwa simu.

Haki unayo. Katiba yetu ibara ya 3 inasema nchi haina dini, ibara ya 19 inampa kila mtu uhuru wa mawazo na imani na uhuru wa kubadilisha. Ila Kanuni ya Adhabu kifungu cha 129 nacho kipo, kusema neno kwa makusudi ya kuumiza hisia za mtu za dini ni kosa la jinai. Kutokuamini kwako ni ruhusa, kutukana kitabu cha jirani sio ruhusa, na hata kama sheria isingekuwepo mi nisingefanya. Mahakamani ukiitwa ushahidi hulazimiki kushika msahafu wala Biblia, unamwambia hakimu huna dini na unatoa uthibitisho badala ya kiapo, kwenye kumbukumbu wanaweza kuandika mpagani, usishtuke.

Usihangaike pia kutaka kujua tuko wangapi. Sensa ya 1967 ndo ya mwisho kuuliza watu dini, baada ya hapo hamna anayehesabu. Tafuta mtu mmoja au wawili unaoweza kuongea nao bila kuchagua maneno, inatosha. Mi ninae mmoja, tunakutana Bangwe kwenye maji Jumapili asubuhi mji ukiwa kanisani.

Kuna mwenye nyumba mmoja aliwahi kunipa notisi alivyosikia habari zangu, watoto wakiwa na miezi minne. Sikugombana, nilihama. Jirani aliyenibebea godoro kichwani siku ile alikua muadhini.

Hatua ya kumi: ukiumwa

Watakuja kukuombea. Waache. Mtu ametoka Mwandiga kwa bodaboda kuja kukuwekea mkono kichwani, huo mkono ni wa upendo. Akileta kombe, yale maji ya aya za Kurani, au maji ya upako pokea, shukuru, weka mezani. Mstari wangu ni mmoja, dawa za hospitali haziachwi, yeyote akisema acha dozi utapona kwa imani namwambia hapana palepale.

Hatua ya mwisho: andika wosia

Fanya hili hata kama una miaka thelathini. Kama umezaliwa Muislamu, ujue kwenye mirathi ya Kiislamu asiye Muislamu hamrithi Muislamu, kwaio ndugu wakitaka wanaweza kulisimamisha hilo siku mzazi akiondoka. Mzazi akiwa hai anaweza kukupa kitu mkononi, au kukuandikia kwenye theluthi anayoruhusiwa kuusia kwa wasio warithi. Mi baba aliamua mwenyewe kunipa kiwanja cha Katubuka akiwa mzima, mbele ya kaka zangu, hatujagombana mpaka leo. Na mali yako wewe, mahakama ikikuta hakuna wosia itaangalia uliishi maisha gani ili ijue itumie sheria ipi, mashahidi watavutana, mumeo au mkeo atakua katikati. Wosia uandike, weka saini na mashahidi wasiorithi kitu, unaweza kuuhifadhi RITA, wakala wa serikali wa usajili.

Ndani yake sema na mazishi. Mi nilimuita mume wangu na mama, nikawasomea wote wawili. Nilikua nimeandika nizikwe bila ibada yoyote, kikundi cha mtaa kinibebe, watu wale, waongee. Mama alisikiliza mpaka mwisho akauliza swali moja, nani ataniosha. Nikawa sijaandika. Akasema basi andika wanioshe wanawake wa Ujiji wanaomuosha kila mtu, na sanda atanunua yeye kama atakuwepo. Nikachukua kalamu nikaandika hivyo hivyo alivyosema.